Mbwa Anayelamba Mshono

SWALI: Daktari, mbwa wangu aligongwa na pikipiki, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa bamba la chuma katika mfupa wa paja. Leo ni siku ya 5, analamba mshono bila kukoma, nami ninaupaka spiriti. Je, ninakosea? Msomaji, Njoro, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, acha spiriti leo hii, kwani huunguza nyama changa inayoziba kidonda. Hatari kubwa zaidi ni ule ulimi: bakteria wakilifikia bamba, hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida, na huenda likalazimika kutolewa. Mvishe shingoni kola ya koni, inayomzuia kuufikia mshono, usiku na mchana (ndoo ya plastiki iliyotobolewa kitako hufaa, ijapokuwa atakununia), umfungie mahali pakavu pasipo na nzi, wala usimwogeshe hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Uvimbe mdogo unaopungua si neno. Lakini ukiona usaha, harufu mbaya, au akiacha kukanyagia mguu aliokwisha kuanza kuutumia, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Asipewe ibuprofen ya nyumbani, ile dawa ya maumivu ya binadamu.