Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu furaha ya kazi ya mifugo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jana usiku nikausikiliza tena leo asubuhi kabla sijaenda kukata matete, nimeona nikujibu kwa kuandika maana we mwenyewe unajua mtandao wa hapa Tukuyu mvua ikishaanza. Umeniuliza, "Mama hivi wewe ulikuwa unafurahia nini kwenye hii kazi, mbona mimi naona damu, kinyesi na lawama tu?" Alafu ukasema kuna mkubwa wako kazini amekwambia uache kuongea na wanyama na kuwachekea mbele ya wafugaji, eti mtaalam anafika, anatibu, anaandika dawa, anaondoka.

Hilo la mkubwa wako silikubali kabisa mwanangu, na nasema hivyo kwa heshima yake. Mgonjwa wetu hasemi. Hawezi kukwambia imeanza jana jioni, inachoma upande huu. Kinachokusaidia ni kumjua akiwa mzima, masikio anayaweka vipi, anacheua saa ngapi, akisikia ndoo ya pumba anafanyaje, na hayo yote huyaoni kama unamwangalia mnyama kama kazi ya kumaliza ili upande bodaboda urudi ofisini. Unayaona ukimpenda, ukikaa pale unamtazama kwa sababu tu anafurahisha. Kwa hiyo we cheka, ongea nao. Mimi nimeongea nao miaka yote ya kazi na wafugaji waliniamini kwa hilo hilo.

Sasa nilifurahia nini? Ngoja nikusimulie.

Kuna bibi mmoja alikuwa anakaa upande wa Kiwira, alipewa ng'ombe wa maziwa kwenye ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na yule ng'ombe ndo alikuwa kila kitu, ada ya wajukuu, sukari, bati za nyumba. Alikuwa amezaa ndama wa nne, kesho yake asubuhi akakutwa amelala hainuki, shingo ameikunja kageuzia kichwa ubavuni, masikio ya baridi, pua kavu. Wewe ukisoma hapo umeshajua ni homa ya maziwa, kalsiamu imeshuka ghafla kwa sababu yote inakimbilia kwenye maziwa, na licha ya jina lake wala joto la mwili halipandi. Lakini majirani wao walishaamua huyo kafa, mchinjaji wameshamwita, nafika namkuta kasimama na baiskeli yake, kisu kwenye mfuko, na nyuma ya baiskeli kafunga kabichi mbili alizotoka kununua sokoni. Bibi analia, wajukuu wanalia, yaani ni msiba.

Nikaomba maji ya vuguvugu nikachovya ile chupa ya kalsiamu ipate joto la mwili, nikatafuta mshipa wa shingo, nikaanza kuishusha taratibu huku stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo, iko kifuani kwake, maana unajua ukiiharakisha moyo unasimama. Watu kimya. Chupa ilipofika nusu nikaona misuli ya ubavuni inatetemeka tetemeka kama mtu aliyetoka kuoga mtoni asubuhi, nikajua tumo. Mara akapiga mbweu moja kubwa, mtoto mmoja akaangua kicheko. Pua ikaanza kuloa. Akanya. Mwanangu sijui kama kuna kazi nyingine watu wazima wanashangilia kinyesi lakini pale walishangilia! Akakaa kidogo, akainua kwanza matako, akasimama anayumba, akatembea hatua chache moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli ya mchinjaji na kuanza kula kabichi. Mchinjaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, akaifungua ile kamba akamwachia zote mbili, akasema leo nimekuja kununua nyama nimeishia kulisha. Nikamwambia bibi siku hiyo asimkamue mpaka amalize, aache maziwa kiweleni, ampe ndama na kidogo cha nyumbani basi. Nilirudi nimebeba kibuyu cha maziwa ya mgando.

Ndo maana nakwambia usiikimbie homa ya maziwa, ukiitwa nenda mbio. Ni magonjwa machache sana yanayokupa majibu ukiwa bado umeshika chupa.

Alafu kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa. Hizo nilikuwa nazisubiri kama sikukuu. Ugonjwa wenyewe hauna mchezo, dalili zikishatokea kwa mtu ni kifo, na karibu watu wote wanaoupata wanaupata kwa kung'atwa na mbwa, ndo maana tunahangaika kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa kila eneo ili virusi vikose pa kupita. Lakini wanaoleta mbwa ni watoto! Wazazi wako shamba, unafika shuleni asubuhi unakuta foleni ya watoto na mbwa, mwingine kamfunga kwa kamba ya katani, mwingine kwa kipande cha kanga cha mama yake ambacho una uhakika mama hajui, mwingine kambeba mbwa mkubwa kifuani miguu inaburuza chini. Mmoja alileta paka ndani ya kikapu, juu kafunika na sufuria, na paka yule alikuwa amenyamaza kabisa mpaka tulipofunua, baada ya hapo tulimtafuta juu ya dari la darasa la tatu. Tulimpata, akachanjwa.

Na majina! Unajua watu wetu wanavyompa mbwa jina la kumtumia ujumbe jirani. Mimi niko mezani najaza kadi, nauliza mbwa anaitwa nani, mtoto anajibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo, anaitwa Watasema Mchana." Anayefuata, "Wivu." Anayefuata, "Hamnijui." Sasa siku moja nikaita kwa sauti, "Jirani Mbaya, kadi yako!" na nyuma ya foleni kuna mama kasimama na mbwa wake, kaangalia yule mtoto, kaangalia yule mbwa, kila mtu pale anajua hizo nyumba zimepakana. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Andika na wa kwangu, anaitwa Nimesikia." Baadaye nikaambiwa hizo nyumba mbili zilianza tena kupeana moto na chumvi. Sisemi ni chanjo iliyowapatanisha, nasema nilikuwepo.

Wewe umesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kwa hiyo wale panya buku umewaona, ila nataka uwakumbuke kwa jicho hili ninalokwambia. Magawa alizaliwa pale pale Morogoro, akafundishwa na watu wa APOPO, shirika linalofundisha hao panya, kunusa baruti ya TNT, akapelekwa Kambodia na mpaka anastaafu mwaka 2021 alikuwa ameonyesha mabomu 71 ya kutegwa ardhini na vilipuzi vingine 38. Mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, lilimpa medali ya dhahabu, ya kwanza kwa panya. Akaja Ronin, naye wa Morogoro, akampita, mabomu ya kutegwa ardhini 109 peke yake bila kuhesabu vilipuzi vingine. Kiwanja cha ukubwa wa uwanja wa tenisi panya anakimaliza kwa nusu saa, na kwa wepesi wake hawezi kulipua bomu hata akilikanyaga.

Mimi kilichonigusa zaidi ni kile kinachofanyika asubuhi kabla hawajaanza kazi. Hawa ni wanyama wa usiku, jua linawaunguza, kwa hiyo mtu mzima anakaa chini anampaka panya mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani, kidogo kidogo, asibaki mahali. Mkia mrefu ule! Na panya ametulia anangoja maana anajua mwisho wa kazi kuna ndizi. Huku kwetu mtu akiona panya buku anawaza mtego, na pale kuna mtu anahakikisha sikio la panya halibabuki. Wenzao wanaobaki nyumbani wananusa makohozi ya wagonjwa wanaoshukiwa TB, sampuli mia moja kwa kama dakika 20, na wanawapata hata waliokosekana kwenye hadubini. Huyo anayewapaka mafuta anafanya kazi na wanyama kama wewe. Asingekuwa anawapenda angewapaka hivyo?

Na wale wa Mombasa, najua unawajua lakini nawapenda sana siwezi kuwaacha. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini upande wa Malindi, watu wakahangaika naye na nyavu mpaka wakamtoa, akapewa jina la Owen kwa heshima ya mmoja wa waliomwokoa, akapelekwa Haller Park. Alipoachiwa akakimbilia kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra anayeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Mzee mwanzoni hakutaka, akawa anafoka na kusogea pembeni, ila kobe atasogea wapi. Kesho yake wakaonekana wamelala pamoja. Owen akaanza kula anachokula Mzee, wakaogelea pamoja, na kitu ambacho mimi mtaalam kinanifurahisha kuliko picha zote ni kwamba walitengeneza ishara zao, Owen akitaka Mzee atembee anamgusa miguu ya nyuma, Mzee akitaka Owen asogee anamng'ata mkia kidogo. Mnyama anayenyonya na mnyama anayetaga, wameelewana. Waliokuwa wanawatunza wakawaacha wakae hivyo huku wakiandika kila wanachoona, hawakuharakisha kuwatenganisha, na mimi huo uamuzi wa kungoja na kutazama nauheshimu sana.

Kwa nyumbani unamkumbuka yule kuku mwekundu wa bibi yako? Labda ulikuwa mdogo. Bata alikufa akaacha mayai, bibi yako akamwekea kuku. Kuku analalia siku 21, bata wetu hawa wa kienyeji wanaenda mpaka kama 35, nikasema huyu atachoka atainuka. Hakuinuka. Wiki mbili zaidi, amekonda, anatoka kunywa maji na kudonoa kidogo anarudi mbio. Nikawa nampelekea maji na mtama pale pale kwenye kiota kwa sababu nilimwonea huruma. Vikatoka saba. Siku mvua imenyesha vikaona dimbwi vikaingia vyote, kuku akapiga kelele ukingoni kama nyumba inaungua, anakimbia huku anakimbia kule, mabawa chini. Kijiji kizima kilikuja kuangalia. Ila baada ya siku kadhaa akazoea, akawa anavisindikiza mwenyewe mpaka majini, vikiogelea yeye anachakura pembeni anangoja, vikitoka wanarudi wote.

Mwanangu sikudanganyi, vifo vipo. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, inakuja na mfugaji anakuita siku ya tano, utashika ndama anakata roho na mwenye mali anakuangalia wewe. Siku hizo usijilazimishe kucheka, nenda nyumbani, oga, kula, nipigie hata saa sita usiku. Lakini ile kaunta buku unayoandikia matibabu igeuze upande wa nyuma, na kule uandike haya mengine, nani alikula nini, nani alifungua mlango, mbwa anaitwaje. Mimi ninazo zangu tatu zimejaa ziko kabatini na ukija Desemba utazisoma, utakuta na dozi humo humo maana sikuwahi kuvitenganisha.

Na mkubwa wako mfanyie hivi, siku mkitoka pamoja kwenda bomani mwache aone mbuzi wanavyokujia. Usimjibu kitu.

Baba yako anakusalimia, anauliza viatu vya mpira vilikutosha. Alafu kwenye ile sauti ulitaja punda anayefungua komeo la geti la josho kwa mdomo anawatoa wenzake kabla hawajaogeshwa, ukakatisha ghafla ukasema unaitwa. Nimalizie. Anaanza kutoka yeye au anawatanguliza wengine?

Mama yako