Filta ya koni kwenye gari la spoti: kabla ya kufunga, uliza itavuta hewa ya wapi

Filta ya hewa ndiyo kitu cha kwanza ambacho wenye magari ya spoti hukimbilia kubadilisha, wakitoa kasha la kiwandani na kuweka filta ya koni, yenye umbo la pia na isiyo na kasha. Inafungwa kwa zana za kawaida, inaonekana ukifungua boneti, na mlio unabadilika siku hiyohiyo. Nguvu ni habari nyingine. Kwenye injini isiyo na turbo, ambayo kasha lake la kiwandani limesanifiwa vizuri, ongezeko huwa dogo kiasi kwamba mashine ya kupima nguvu inaweza ishindwe kulitofautisha na tofauti za kawaida za jaribio moja na jingine. Kwenye turbo kuna nafasi zaidi, ila mara nyingi hujitokeza baada ya kompyuta ya gari kupangwa upya. Kama unachotaka ni mlio, nunua ukijua unanunua mlio.

Usianze na jina la filta. Anza na mahali inapovuta hewa. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi inapungua uzito kwa takriban asilimia 3. Gari likisimama kwenye foleni, joto chini ya boneti linaweza kuzidi la nje kwa nyuzi 30 au zaidi, kwa hiyo koni iliyoachwa wazi karibu na redieta au eksozi inakupotezea karibu sehemu moja ya kumi ya hewa uliyokuwa ukiipata bure kupitia kasha la zamani. Bati la kuzuia joto linasaidia ikiwa tu ukingo wake wa mpira unagusa boneti ikifungwa na kuna njia ya hewa baridi inayoingia kutoka nje. Bati lililosimama peke yake ni pambo.

Zipo seti zenye bomba refu linaloshusha filta hadi nyuma ya bampa. Hewa ya huko ni baridi kweli, lakini maji nayo yako huko. Maji hayagandamiziki, yakiingia kwenye silinda, pistoni inagota na konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Kama barabara zako hutuama maji, achana na bomba hilo. Na kama ni za vumbi, hata koni wazi ifikirie mara mbili: filta bapa inayoingia ndani ya kasha la kiwandani itakupa sehemu ya mlio na kuziacha ringi za pistoni salama. Muuzaji akisema filta yake inachuja vizuri, mwombe matokeo ya kipimo cha ISO 5011, kiwango cha kimataifa cha kujaribu filta za hewa za injini.

Sasa sensa, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi baada ya kufunga. Magari mengi ya petroli yana sensa ya kupima hewa, mafundi huiita MAF, inayokaa kwenye bomba baada ya filta. Sensa hiyo haioni hewa yote. Inapima kipande kidogo kinachopita mbele yake, kisha kompyuta inakadiria kilichobaki kwa kuamini kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukitoka milimita 70 kwenda 76, eneo la bomba limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa inapita polepole zaidi mbele ya sensa, kompyuta inadhani imeingia hewa kidogo, na mafuta yanakuwa pungufu. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni inasahihisha. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, magari mengi hayasubiri sahihisho hilo, na hapo ndipo injini inapogonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Kwa hiyo chagua seti ambayo kiti cha sensa kina kipenyo kilekile cha ndani kama cha kiwandani, na kama kiwandani kulikuwa na wavu wa kunyoosha hewa mbele ya sensa, usiutupe.

Kabla ya kugusa spana, chomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na uandike marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa ya moto: kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta), kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Bila namba hizo hutakuwa na cha kulinganisha baadaye.

Kazi yenyewe haina makuu. Injini ipoe, toa waya hasi wa betri kwa spana namba 10, chomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kishikizo chake badala ya kuvuta waya. Sensa hushikwa na skrubu mbili ndogo. Itoe bila kugusa uzi wake wa ndani, hata kwa kidole. Kisha toa kasha na mpira wake, na uzibe mdomo wa throto, mlango wa hewa wa injini, kwa kitambaa safi kikubwa ambacho hakiwezi kusahaulika. Kwenye turbo jambo hili si la mzaha: panga za upande wa hewa huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na washa (pete ya bolti) moja ndogo inatosha kuzimaliza.

Wakati wa kurudisha sensa, angalia mshale wa uelekeo wa hewa na hakikisha mpira wake wa mviringo haujakunjika. Skrubu zinaingia kwenye plastiki au alumini laini, zikaze kwa mkono tu. Baadhi ya magari yana sensa ya joto la hewa iliyo peke yake. Nayo lazima iingie kwenye bomba jipya. Ukiiacha ining'inie chini ya boneti itasoma joto la injini na kompyuta itapunguza nguvu kukulinda.

Bomba liingie ndani ya mpira wa kuunganishia sentimita 2 hadi 3, na klempu ikae milimita 5 hivi kutoka ukingoni. Funga klempu zote kwa kulegea, panga bomba lisimame linavyotakiwa, ndipo ukaze moja baada ya nyingine. Mipira ya silikoni hukatwa na klempu zenye matundu, tumia zenye utando laini ndani. Uzito wa bomba ubebwe na kishikizo chenye mpira kilichofungwa kwenye bodi, usining'inie kwenye throto. Injini hucheza kwenye mauntini zake, mipira inayoishikilia, kwa hiyo acha sentimita 2 pande zote. Kwa boneti, bandika plastisini, udongo laini wa kufinyangia, juu ya filta, funga taratibu, fungua uone imebaki na unene gani.

Bomba dogo la kupumulia la injini, linalotoa mvuke wa ndani yake, lirudi baada ya sensa, kamwe si kabla yake wala kuachwa wazi. Valvu ya turbo inayorudisha hewa ni hivyohivyo. Gari lenye njia mbili za hewa na sensa mbili, kama Nissan 370Z, pande zote zipate seti moja na urefu mmoja wa kuingia kwenye mpira.

Washa, iache kwenye sailensa dakika chache, kisha soma skana tena injini ikiwa ya moto. Ikiwa marekebisho yamepanda sana kwenye sailensa lakini yanashuka kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayovuja kuingia baada ya sensa: mpira uliokunjika, klempu iliyolegea, bomba la kupumulia. Yakipanda kote kwa kiasi kinachokaribiana, shaka iende kwenye kipenyo cha kiti cha sensa. Yakivuka asilimia 10 usivumilie, na usingoje taa ya injini ikuletee P0171, msimbo wa mafuta pungufu. P0102, msimbo wa ishara hafifu ya sensa ya hewa, ikitokea mara baada ya kufunga, karibu kila mara ni soketi ambayo haijabana.

Filta za pamba yenye mafuta huharibu sensa pale mwenye gari anapomwaga mafuta kama anaunga mchuzi. Osha kwa dawa yake, suuza kwa maji yasiyo na kasi kutoka upande safi kwenda upande mchafu, iache ikauke yenyewe bila upepo wa kompresa. Paka mafuta mstari mmoja mwembamba kwenye kila mkunjo, subiri nusu saa yasambae. Sensa iliyokwisha kupata mafuta husafishwa kwa dawa ya sensa pekee. Dawa ya breki huiua.

Baada ya kilomita 100 hivi kaza klempu tena, kwa kuwa mipira mipya hukaa. Kisha fungua bomba baada ya filta na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, tafuta ukingo wa filta usiokaa sawasawa kwenye bomba. Ukingo ukiwa sawa na vumbi bado lipo, filta hiyo haichuji. Rudisha kasha la kiwandani.