Asili ya trauti wa upinde wa mvua
Je, samaki aitwaye trauti wa upinde wa mvua alianzia Ulaya? Hapana, hakuanzia huko. Kwao ni mito na maziwa yanayomwaga maji Bahari ya Pasifiki: upande wa Amerika kuanzia Alaska hadi kaskazini-magharibi mwa Meksiko, na upande wa Asia huko Kamchatka, Urusi. Hata jina lake la kisayansi, Oncorhynchus mykiss, linashuhudia, maana neno mykiss limetokana na jina alilokuwa akiitwa huko Kamchatka. Ulaya alipelekwa na watu mwishoni mwa karne ya 19, na leo yupo katika kila bara isipokuwa Antaktika.

Popote alipo, anachotaka ni maji baridi, safi, yenye oksijeni nyingi. Hustawi zaidi kwenye nyuzi 12 hadi 18 za Selsiasi hivi. Yakipita 25 huanza kufa. Kwa kutaga ndiyo ana masharti makali zaidi: jike huchimba shimo kwa mkia kwenye changarawe ya mto, hutaga, kisha hufukia mayai, nayo huhitaji maji yapite katikati ya mawe. Tope likijaa pale, mayai hukosa hewa. Ndiyo maana ukataji miti kando ya mito, unaoacha udongo uingie majini, unamuumiza sana samaki huyu.

Ila usishangae ukisikia ameonekana baharini. Wapo wanaozaliwa mtoni, wakashuka baharini kukua, kisha wakarudi mtoni kutaga. Ni spishi ileile.