Meza za tamasha zinaisha kabla sijajua

SWALI: Nachora vitabu vya katuni na kujichapishia mwenyewe hapa Baltimore. Kila nikisikia habari za tamasha la Small Press Expo (SPX), maombi ya meza ya kuuzia vitabu yameshafungwa. Nifanyeje?
Mchoraji, Maryland

JIBU: Ndugu mchoraji, unafuatilia tarehe ya tamasha, wakati inayokuhusu ni ya maombi. SPX hufanyika Bethesda, jirani kabisa na wewe, kila Septemba, lakini maombi hufunguliwa miezi mingi kabla. Weka kikumbusho kwenye simu kuanzia Desemba, ufungue tovuti ya tamasha kila wiki. Jiandikishe pia kupokea barua pepe zao. Usitegemee mitandao ya kijamii, kwani huamua yenyewe ikuonyeshe nini, na tangazo la siku chache hukupita hivi hivi.

Kwa habari za wachoraji, pakua programu ya kusoma milisho ya RSS, yaani inayokukusanyia mahali pamoja makala mpya za tovuti unazozichagua. Tovuti ikiwa imejengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ongeza /feed mwishoni mwa anwani yake, kisha ibandike humo. Wa kuanza nao? Chukua orodha ya wateule wa tuzo za Ignatz, tuzo za vitabu vya katuni zinazotolewa SPX tangu 1997. Humo utakuta wachapishaji wadogo wazuri mno.

Kurasa za mfano za katuni zako ziwe tayari mapema, zinazosomeka hata kwenye kioo cha simu.