Mkuu, 28 ya Kigoma siyo 28 yako

Simama hapo hapo mkuu. Umeuliza njia ya siku tatu kutoka Kigoma Mjini kupanda Kalinzi, kisha kushuka hadi mto Malagarasi. Umeuliza mwezi gani uende, ulale wapi, ule nini. Halafu katikati ukachomekea kwamba tairi ya akiba hubebi, maana "baiskeli yangu ni 28 na 28 zimejaa Kigoma", yaani saizi ya tairi kwa inchi. Hiyo sentensi moja ndiyo itakayokurudisha mjini kwa bodaboda, baiskeli umeipakata kama mgonjwa.

Zimejaa kweli. Ingia soko la Mwanga, nenda Ujiji, simama Mwandiga, utazikuta zimening'inia dukani kama migebuka juani. Ila hizo ni 28 za Phoenix na ndugu zake, zile baiskeli za kubebea ndizi na mkaa. Ubavuni zimeandikwa 28 x 1½, na pembeni yake namba ndogo ambayo hakuna anayeisoma: 40-635. Tairi ya baiskeli yako ya changarawe (gravel) imeandikwa 700 x 40C, na namba yake ndogo ni 40-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale inapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Wazungu walipachika jina la "28" kwenye saizi zote mbili miaka hiyo ya zamani, na sisi ndio tunaolipa gharama ya uvivu wao.

Utasema milimita 13 ni kitu gani. Zidisha kwa 3.14 upate mzunguko: tairi ya Phoenix imeizidi rimu yako kwa sentimita 4 nzima. Na ubaya wake ni kwamba inaingia vizuri, tena inaingia kirahisi kuliko tairi yako halali, hata vyuma vya kubandulia huvihitaji. Fundi anatabasamu, wewe unatabasamu, mnajaza upepo. Ukifika kama psi 20 (psi ni kipimo cha upepo), waya wa ukingo unapanda juu ya rimu upande mmoja, tyubu inachungulia nje, halafu paa! Watoto wanakimbia, kuku wanakimbia. Mkiirudishia na kujaza upepo kidogo, itakaa mpaka kona ya kwanza ya mteremko, na hapo si tyubu tena itakayochanika. Usijaribu "kuibana" kwa kuvingirisha mpira wa tyubu kuukuu kwenye rimu. Hiyo inafaa kwa kusukuma baiskeli, siyo kwa kuipanda.

Aliyeniponza mimi kwa kosa hili hili ni muuzaji wa duka moja Dar, jina namhifadhia. "28 ni 28 kaka, Kigoma baiskeli ni nyingi kuliko magari." Kuhusu wingi wa baiskeli alisema kweli, nakiri, na ndiyo maana nilimwamini. Mtu anachanganya ukweli mmoja na ujinga mmoja, anakupa risiti, anakutakia safari njema. Sijui kwa nini kwenye duka la baiskeli za mamilioni hakuna hata mmoja anayejua kusoma ubavu wa tairi. Na ndiyo, wazee wa Phoenix wenye mikungu mitano ya ndizi walinipita wakinipa pole. Mcheke, nimeshazoea.

Sasa na ya kinyume uijue, maana ndiyo itakayokuokoa: tairi ya 29 ya baiskeli za milimani nayo ni 622. Ukiikuta imeandikwa 54-622, inakaa kwenye rimu yako bila ugomvi wowote. Kazi inabaki kwenye fremu. Fremu nyingi za changarawe zinaishia upana wa 45 au 50, kwa hiyo 54 itasugua uma wa nyuma mpaka rangi iishe, na ikibeba tope itagoma kabisa. Pima kwako kabla ya safari. Unatakiwa kubaki na nafasi ya milimita 5 au 6 kila upande. Tairi ya 26 (559) na ya 27.5 (584) hazikuhusu, hata muuzaji akiapa.

Tyubu ni habari nyingine, na hapa watu wanaogopa bure. Tyubu ni mpira, inavutika: ya 28 ya Phoenix inakaa ndani ya tairi yako ya 622 bila shida. Kinachogoma ni valvu. Za dukani kule nyingi ni zile valvu nene zenye kipira kidogo ndani, zinataka tundu la milimita 8.5 hivi. Rimu yako, kama ni ya valvu nyembamba, ina tundu la 6.5. Fundi atakwambia "tunalipanua tu". Rimu ya alumini panua, sawa, kwa keekee na tupa ya mviringo, na kingo zilainishwe zisije zikakata shina la valvu. Rimu ya kaboni, mnyang'anye keekee haraka. Mimi ningebeba tyubu tatu za valvu nyembamba, viraka 12, msasa na solusheni mbili, kwa sababu solusheni ikishafunguliwa hukauka yenyewe mfukoni, na utakuja kugundua siku unayoihitaji.

Kama umefunga tairi bila tyubu, kwa dawa ya maji, jua kwamba dawa hiyo hukauka ndani ya miezi miwili mitatu, na joto linaiharakisha. Ongeza mililita 60 kila tairi kabla ya kutoka, na beba nyingine 60. Inaziba kitundu cha mwiba. Haizibi mpasuko wa ubavuni.

Na mpasuko wa ubavuni ndio ugonjwa wa njia unayoitaka. Ukiacha lami ya Mwandiga kwenda Manyovu na kuingia njia za mashamba ya kahawa kuzunguka Kalinzi, utapita vijia ambavyo pembezoni vichaka vimefyekwa kwa panga. Panga hukata kwa mshazari, kwa hiyo kila kisiki cha unene wa kidole ni mkuki unaosubiri ubavu wa tairi. Kwenye mitelemko mvua imechimba makorongo na kuacha mawe makali yamejitokeza. Tairi nyembamba za kishindani, zile za gramu 400, hazifai hapa. Chukua yenye ubavu ulioimarishwa, 40 au 45, na kwa mtu wa kilo 75 jaza psi 38 nyuma na 34 mbele ukiwa na tyubu. Ukishuka chini ya 30 na mzigo juu, rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kukuachia matundu mawili yaliyokaa kama meno ya nyoka.

Ubavu ukipasuka chini ya sentimita 2, usilie. Kata kipande cha kiroba cha unga, sentimita 5 kwa 8, kikunje mara mbili, kipachike kati ya tyubu na tairi, jaza psi 25 tu, uende polepole. Zaidi ya hapo mafundi wa kule wanashona tairi kwa mkono, na wanashona vizuri. Omba uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, mji wenyewe ni wa wavuvi, haukosekani. Mshono upitie kwenye turubai ya tairi, usigusane na waya wa ukingo, kisha kiroba kifunike mafundo ndani yasisage tyubu. Mshono huo utakufikisha barabara kuu. Kwenye mteremko wa Kalinzi usiutegemee, kwa sababu ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na Kalinzi iko juu yake kwa zaidi ya mita 600. Huko breki zinawaka moto na wewe unasali.

Njia yenyewe kwa kifupi: siku ya Kalinzi ni kupanda, gia ya meno 30 mbele na 36 nyuma, usijifanye shujaa. Gombe usiiweke kwenye ramani ya baiskeli, ni hifadhi ya taifa na watu huingia kwa boti. Kwa Malagarasi, pita Ujiji, Simbo hadi Ilagala, kuna pantoni ya kuvukia. Kidahwe kwenda Uvinza ni lami, utaboreka, ila misitu ya miombo ya upande ule ni mizuri. Ukiingia porini vaa nguo za rangi ya udongo, mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Nenda kati ya Juni na Septemba. Mvua zikianza, udongo mwekundu unajaa kwenye uma mpaka gurudumu halizunguki, na hapo hata 622 haikusaidii.

Lakini turudi kwenye tairi. Beba moja ya kukunja, yenye ukingo wa nyuzi badala ya waya, 40-622. Ina uzito wa nusu kilo hivi, unaifunga chini ya kiti kwa mpira wa tyubu. Usiseme nafasi hakuna, umetaja kuwa unabeba spika.

Piga picha ubavu wa tairi zako zote mbili na tundu la valvu, zitupie hapa kabla hujakata tiketi ya treni. Namba zisomeke, siyo jina la kampuni.