Mwalimu, mbona ndoo ya urea ilipoa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na biolojia), naishi Mbagala. Juzi baba alinituma nikoroge mbolea ya urea kwa ajili ya bustani ya mchicha. Ndoo ilipoa mpaka ikatoa jasho kwa nje. Mimi nilikariri kwamba kinachotoa joto ndicho kinachoenda chenyewe, sasa mbona urea imenyonya joto na bado imeyeyuka yenyewe? Darasani nikajibiwa, "Ni entropi, yaani vurugu," tukaendelea na mada nyingine. Kati ya entalpi na entropi, nani mkubwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, maana umeanzia kwenye ndoo uliyoishika kwa mkono wako.

Ulichokariri si kweli, na ndoo imekuonyesha. Entalpi, kwa ndoo iliyo wazi kama yako, ni hesabu ya joto linaloingia au kutoka. Moli moja ya urea (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), yaani gramu 60, ikiyeyuka hunyonya takriban kilojouli 15. Kuzitenganisha molekuli zilizoshikana ndani ya punje kunagharimu nishati nyingi kuliko ile inayorudi zinaposhikana na maji. Pengo hilo linazibwa na joto la maji yenyewe, la ndoo, na la kiganja chako.

Neno "vurugu" silipendi, limewapotosha wanafunzi wangu wengi. Entropi ni hesabu ya njia: molekuli zinaweza kujipanga na kugawana nishati kwa namna ngapi bila sisi kuona tofauti kwa nje? Ndani ya punje, njia ni chache. Zikitawanyika kwenye maji, njia ni nyingi mno. Kanuni inayofunga entropi na idadi ya njia imechongwa kwenye kaburi la Ludwig Boltzmann, kule Vienna.

Sasa twende Feri, kwenye soko la samaki. Mimi naishi Kigamboni, na kila Jumamosi napanda pantoni kwenda kununua samaki. Muuzaji akishawamwagia samaki barafu iliyopondwa, mimi huiangalia ikiyeyuka. (Kiswahili kinasema "kuyeyuka" kwa barafu na kwa urea pia, na hapa kinatusaidia, kwa sababu zote mbili zinanyonya joto.)

Chukua kipande cha gramu 18, moli moja. Kikiyeyuka kinanyonya jouli 6,010, na entropi yake inaongezeka jouli 22 kwa kila kelvini. Lakini joto hilo limetoka kwenye hewa ya soko, tuseme nyuzi 30, yaani kelvini 303. Gawanya 6,010 kwa 303: hewa imepoteza entropi ya 19.8. Barafu imepata 22, hewa imepoteza 19.8, jumla imebaki 2.2 ya ziada. Kwa hiyo inayeyuka.

Kipande hichohicho kiweke kwenye friza yenye nyuzi 10 chini ya sifuri, kelvini 263. Ili kiyeyuke, friza ingepoteza 6,010 gawanya kwa 263, yaani 22.9. Hasara imezidi faida, kwa hiyo hakiyeyuki. Barafu ni ileile na mahitaji yake ni yaleyale. Kilichobadilika ni tunachogawanyia.

Na kwa nini tugawanye kwa halijoto, yaani zile kelvini? Fikiria shilingi 1,000. Ichukue kwa mwenye duka la jumla Kariakoo, hata hashtuki. Ichukue kwa mtoto anayetembeza karanga, umemvurugia siku nzima. Mazingira ya moto ni huyo mwenye duka: jouli zilezile zikitoka kwake, entropi inayopotea ni ndogo.

Kwa hiyo hakuna mkubwa. Ile ΔG = ΔH − TΔS, inayobeba herufi ya Mmarekani Gibbs, inajumlisha pande zote mbili. Δ ni badiliko, H ni entalpi, S ni entropi, T ni halijoto kwa kelvini, na G ni nishati huru ya Gibbs. ΔS ni entropi ya kilichomo ndani ya ndoo, na ΔH inakuletea habari ya mazingira. ΔG ikiwa hasi, jumla ya entropi ya vyote imeongezeka. Urea yako ilichukua joto, mazingira yakapoteza entropi, lakini iliyopatikana kwa kutawanyika ilikuwa kubwa zaidi.

Kwenye mtihani, tafadhali sana: entalpi huandikwa kwa kilojouli, entropi kwa jouli. Kila mwaka nasahihisha karatasi za watoto wanaoelewa vizuri kabisa lakini wanatoa moja kwenye nyingine bila kubadili kipimo, au wanaweka 30 mahali pa 303. Inaniuma. Pia, "kwenda chenyewe" si kwenda haraka. Mkaa na oksijeni vina ΔG hasi, lakini gunia hukaa barabarani miezi bila kuwaka.

Nataka urudie jaribio. Pima maji mililita 100 kwenye kikombe cha plastiki kisichotumika kwa chakula, kiweke ndani ya kikombe kingine, andika nyuzi zake, kisha koroga gramu 30 za urea. Kipimajoto kitashuka zaidi ya nyuzi 10. Kokotoa entalpi kwa moli, niandikie umepata ngapi. Ukimaliza nawa mikono, na maji yale yachanganye kwenye ndoo ya lita 10 kabla ya kuyapeleka bustanini. Yakiwa makali hivyo yataunguza mchicha wa baba.