Sipiyu kubwa au mini kwa ajili ya steshenari? Jibu langu

Mkuu, umesema unafungua steshenari pale Sakina, Arusha, na usiku unataka uwe unaediti video za harusi, hela ipo ya mashine moja tu kwa sasa. Mdau mmoja kakwambia chukua sipiyu kubwa ya kusimama maana ndo ina nguvu, mwingine kasema chukua mini, ile kompyuta ndogo kama kitabu, maana haili umeme. Mi niko Moshi, Majengo, steshenari ndo inanilisha, na dukani ninazo zote mbili, kwa hiyo ngoja niseme ninachokiona kila siku.

Kwanza hilo la kubwa ndo ina nguvu liache. Fungua hizo kubwa za ofisini zinazokuja mtumba, ndani unakuta nafasi tupu tu, prosesa i5-8500, ramu mbili, diski moja, basi. Mini ya umri uleule inakuwa na i5-8500T, koo (yaani vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) sita zilezile, ila hiyo T mwishoni ina maana imepangiwa wati 35 wakati isiyo na T ni wati 65. Ukiwa unachapa barua, unaskani vyeti, unajazia watoto fomu za mkopo wa chuo, hutajua unatumia ipi. Utajua siku umeweka video ya sendofu ya saa nzima irenda (yaani itengenezwe kuwa faili moja lililokamilika), hapo mini inaanza vizuri tu halafu joto linapanda, kifeni kinapiga kelele, spidi inashuka yenyewe ili isiungue, na kazi ambayo kubwa ingekuwa imeshamaliza wewe bado unaangalia asilimia.

Umeme sasa. Mini inatumia chaji ya nje kama ya laptop, nyingi ni wati 65 au 90, na hapo ni kiwango cha juu, ukiwa unachapa tu inakula kidogo zaidi. Faida sio LUKU peke yake mkuu, faida ni umeme ukikatika mteja kasimama na CV yake haijasevu, yuupiesi (boksi la betri la akiba) ndogo ya 650VA inabeba mini na monita bila shida unamaliza kazi yake kwa utulivu (printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, yuupiesi inalia na kuzima). Na chaji ikifa unatafuta nyingine ya laptop, cha msingi volti ziendane, wati zisipungue na kichwa kiingie. Kubwa ikiua pawasapulai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, ni habari nyingine.

Hapo kwenye pawasapulai ndo nataka utulie, maana wengi wanapigwa hapo. Kuna ile ya katikati, nyembamba, inayolala chini ya monita, ndo imejaa madukani na bei yake inavutia. Muuzaji atakwambia chukua hii utaongeza kadi ya grafiksi, ile ya kusaidia kazi za video, baadaye. Muulize kadi gani? Mle inaingia kadi fupi (low profile) tu, pawasapulai yake kawaida haifiki hata wati 300 na plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kwenda kwa fundi akakutolea nyingine kwenye kabati akafunga. Sloti ya kadi inatoa wati 75 mwisho, kwa hiyo unatafuta kadi fupi isiyotaka waya wake wa umeme, labda GTX 1650 ile fupi, na kuipata hiyo kwa mikoa yetu hii ni kutafuta kweli. Tena hata baadhi ya zile kubwa za ofisini plagi zake ni hivyohivyo, fungua mfuniko uangalie kabla hujatoa hela. Kubwa ya maana kwa video ni yenye pawasapulai ya ATX ya kawaida (saizi na plagi ambazo fundi yeyote anazo), nyingine zote ni boksi kubwa tu.

Kwa hiyo wewe, kama harusi bado ni mpango na hakuna aliyekulipa advansi, chukua mini. Ramu 16, ni zile za laptop so zinapatikana, SSD ya M.2 (diski ya kasi ya kipande kidogo kinachochomekwa kwenye bodi) kwa Windows, na nyingi zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 pembeni, humo weka video. Kama tayari una oda za wikendi basi chukua kubwa, steshenari itafanya kazi juu yake vilevile, gharama ya umeme utaiweka kwenye bei ya video.

Yoyote utakayochukua iwe Intel ya kizazi cha 8 (kama hiyo i5-8500) kwenda juu. Windows 10 ilifikia mwisho wa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi haizikubali i5 za kizazi cha 6 na 7, ndo maana unaona zinauzwa bei ya kutupa. Angalia na matundu ya nyuma, mini nyingi zina DisplayPort, monita yako ya zamani ya VGA itataka konvata, iweke kwenye bajeti. Halafu mini inaingia kwenye mkoba wa mama yeyote aliyekuja kutoa kopi, ifunge kwa skrubu nyuma ya monita au chini ya meza.

Weka hapa namba za modeli na bei ulizopewa, tukuangalizie kabla hujalipa.